Funguo Thelathini na Moja za Kisima Kimoja

Nchi yenyewe sitaitaja. Msidhani naogopa. Jina lake lilipelekwa kusajiliwa mwaka tuliopata uhuru, na mpaka leo jalada liko mezani kwa mtu aliye likizo. Kwa hiyo tunaiita Nchi tu, na wakubwa wake tunawaita Waheshimiwa, nao wanaitika.

Katika Nchi hiyo kuna mtaa uitwao Kisima Kimoja. Nyumba zake ni thelathini na moja, zimekizunguka kisima kwa migongo: sura zinatazama barabara, nyua zinatazama maji. Zilijengwa na Shirika la Makazi, lililompa kila mwenye nyumba ufunguo mmoja wa mlango wa mbele na kubaki na wa pili "kwa ajili ya dharura". Baadaye Shirika likafa, likazikwa na dharura yake. Bomba la serikali nalo tunalo, isije ikasemwa nasingizia. Lilitoa maji kwa dakika kumi siku lilipozinduliwa, muda wa Waziri kupigwa picha akinawa mikono, na tangu hapo linatoa upepo. Tunakunywa kisima, tunafua kisima, tunaoshea maiti zetu kisima. Maji mengine hatuna.

Mwenyekiti wa Umoja wa Wenye Nyumba ni Bwana Festo Ngowoko wa nyumba namba moja. Alichaguliwa kwa kipindi cha mwaka mmoja, miaka kumi na tisa iliyopita. Si kwamba hatukumchagulia mrithi. Tulifanya uchaguzi mara sita, tukamshinda mara sita, na kila tukimshinda alituuliza kwa upole, huku akisafisha miwani:

"Mmesajili?"

Maana sheria ya Nchi inasema kiongozi aliyechaguliwa si kiongozi mpaka jina lake liingie kwenye Daftari la Viongozi Wanaotambulika. Ili liingie, fomu lazima igongwe muhuri wa Umoja. Muhuri wa Umoja anao Mwenyekiti. Mnaona utaratibu ulivyo mzuri: anayeondoka ndiye agonge kuthibitisha kwamba ameondoka. Mimi ndiye katibu niliyechaguliwa mara sita na kutotambulika mara sita. Kazi niliyobaki nayo ni kuandika, na madaftari yangu yamefika kumi na manne.

Mwaka huu tulikuwa na haraka. Bwana Ngowoko alikuwa ameandika barua ya ridhaa, kwamba wenye nyumba wa Kisima Kimoja, kwa furaha, wanamkabidhi kisima chao mwekezaji wa maji ya chupa. Barua ilibakiza muhuri tu. Wizara ilitangaza kwamba jalada la kisima litafungwa Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Ikifika saa hiyo, mwenyekiti anayetambulika atakuwa ndiye msemaji wa maji yetu. Akiwa ni Ngowoko, kisima kitazungushiwa ukuta. Akiwa mwingine, akiandika pingamizi, kitabaki chetu.

Jumapili tukafanya uchaguzi wa saba.

*

Lazima nieleze tunavyopiga kura, maana wageni hutucheka.

Zamani tulitumia karatasi. Katika uchaguzi wa tatu nyumba thelathini na moja zilitoa kura sabini na nne, na Bwana Ngowoko akasifu mwamko wa wananchi. Tangu hapo tukaamua: nyumba moja, kura moja, na kura ni ufunguo. Siku ya uchaguzi watu wote wanatoka ndani, mwenye nyumba anafunga mlango wa mbele, anakuja kisimani na ufunguo wake wenye kibati cha namba, anautumbukiza kwenye chombo cha mgombea amtakaye. Tukishahesabu, kila mtu anachukua ufunguo wake, anakwenda kupika. Hakuna aliyewahi kuzalisha nyumba.

Mgombea wetu alikuwa Bi Zamda Mkwizu wa namba kumi na nne, muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi anayezungumza na wanaume wakubwa kama vile anatafuta mahali pa kuwachoma sindano. Chombo chake kilikuwa sufuria. Cha Ngowoko kilikuwa beseni la shaba.

Na safari hii, ili tusiulizwe tena "mmesajili?", tulimwita msajili mwenyewe aje ashuhudie. Akaja Bwana Akwilini Mtimbwa, Msajili Msaidizi wa Chaguzi Ndogondogo, na mkoba, sinia, mshumaa na kipande cha lakiri nyekundu. Kabla hatujaanza alihutubia.

"Wananchi," alisema, "uchaguzi bila fomu ni fujo. Fomu hii ina mistari thelathini na mmoja. Nasema na narudia: fomu yenye mstari mtupu ni fomu mgonjwa, na mimi, tangu nilipoajiriwa, sijawahi kurudi ofisini na mgonjwa."

Tulipiga makofi. Nikaiandika sentensi hiyo kama ilivyo. Mimi sina akili ya kuchagua lipi la kuandika, kwa hiyo naandika yote.

Zikahesabiwa. Beseni: kumi na tano. Sufuria: kumi na sita.

Wanawake wakapiga vigelegele, Bi Zamda akainua mkono wanyamaze. Alikuwa amemwona Ngowoko akimnong'oneza Msajili sikioni. Msajili alisikiliza, akakubali kwa kichwa, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mstari mpya wa kujaza. Kisha akamwaga funguo zote thelathini na moja ndani ya mkoba, akawasha mshumaa, akadondoshea lakiri.

"Mheshimiwa," Bi Zamda akamwita, "hizo ni funguo za nyumba zetu."

"Zilikuwa, mama. Ulipoutumbukiza mle ukawa kura. Na kura ikishapigwa ni mali ya Taifa."

"Tutaingiaje ndani?"

"Hilo ni swali la makazi. Mimi ni wa uchaguzi."

Akaondoka na milango yetu kwapani.

*

Tuliokolewa na wembamba wa Fundi Hokororo, mshona nguo wa namba tisa. Milango yetu ya uani haina ufunguo. Ina komeo la ndani. Tulimpenyeza Fundi dirishani, nyumba baada ya nyumba, akifika ndani anavuta komeo na kututolea kichwa uani kama mwenyeji. Hadi jua linapinduka alikuwa ameingia nyumba ishirini na tisa, na mkewe akaanza kumwangalia vibaya.

Mzee Kibwana Shomvi wa namba ishirini na tatu alikataa kupenyezewa mtu. "Kwangu acheni," alisema, akaingia mwenyewe. Hatukujiuliza aliingiaje. Tulikuwa tumechoka.

Tukabaki kuishi kwa mgongo. Mbele milango imefungwa, nyuma iko wazi, hatuwezi kuifunga kutoka nje. Ukienda kazini unamwambia jirani, "Nitazamie," na jirani anatazama.

Nyumba moja tu haikuingilika. Bwana Ngowoko, katika miaka kumi na tisa ya kupendwa na wananchi, alikuwa ameweka nondo kwenye kila dirisha, na mlango wa uani ameuziba kwa matofali. Ufunguo wake nao ulikuwa kwenye mkoba. Alijipigia kura, kama ilivyo haki yake. Na muhuri ulikuwa ndani, kwenye droo ya meza ya kulia.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Wizara nikisubiri nakala ya fomu, nikamsikia Bwana Ngowoko ndani kwa Msajili.

"Akwilini, mimi nilikwambia uzihifadhi funguo kidogo, mpaka Ijumaa ipite. Sikukwambia na wangu!"

"Mheshimiwa, kura hazibagui."

"Basi nipe mara moja nichukue muhuri, nikurudishie."

"Kura hurudishwa baada ya matokeo kusajiliwa."

"Matokeo yakisajiliwa mimi si mwenyekiti tena! Muhuri utanisaidia nini?"

"Hilo," alisema Bwana Mtimbwa, nikasikia kalamu ikiwekwa mezani, "ni swali la baada ya uchaguzi."

Ngowoko alitoka akanikuta kwenye benchi. "We katibu usiyetambulika," akaniambia, "unaandika nini?"

"Saa tu, Mheshimiwa. Naandika saa."

Jumanne akarudi Wizarani na malalamiko yaliyopigwa chapa, kurasa nne. Alidai kwamba kati ya funguo zilizompigia kura Bi Zamda kuna zilizo bandia, na akaomba kila ufunguo ujaribiwe kwenye mlango wake, mbele ya mashahidi. Ukurasa wa nne, aya ya mwisho, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika: *Kura isiyofungua mlango wa aliyeipiga ihesabiwe kuwa imeharibika.* Bwana Mtimbwa alifurahi, kwa sababu fomu ilikuwa na safu moja pembeni isiyokuwa na kichwa. Akaipa kichwa: "Umefungua?" Zoezi likapangwa Ijumaa, saa sita mchana.

"Na kura zikilingana?" Bi Zamda aliuliza alipopewa barua.

"Anayetambulika anaendelea, mama. Kwa ajili ya utulivu."

*

Jumatano Mzee Kibwana alitukuta kisimani, Bi Zamda na mimi. Alikuwa na ndoo, lakini hakuiteremsha.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba." Akasimama. "Zamda, mwanangu, kura yangu haina mlango."

"Una maana gani, mzee?"

"Mimi mlango wangu haufungwi. Mwaka wa kumi na moja huu. Tangu mama yenu alipofariki sijaufunga. Hata ufunguo wake sijui ulipo."

Bi Zamda akaweka kamba chini. "Sasa Jumapili ulitumbukiza nini?"

"Ufunguo wa sanduku lake. Lile la kanga. Ndio ufunguo pekee nilionao. Niliona watu wote wana kitu mkononi, nikaona haya kuja mtupu. Nikapigilia kibati." Macho yake yalikuwa kisimani. "Na sanduku lenyewe sijalifungua. Nilikuwa nasema nitalifungua siku nikiwa na nguvu. Sasa ufunguo uko serikalini."

Nilipiga hesabu kichwani na sikupenda nilichokipata. Kumi na sita, toa mmoja: kumi na tano. Kumi na tano kwa kumi na tano. Utulivu.

Fundi Hokororo, aliyekuwa anafua upande wa pili, alikwisha sikia. "Kitu kidogo hicho! Naenda leo natoa kitasa cha mlango wa mzee, naweka cha sanduku. Ufunguo uingie, ufungue, mchezo umekwisha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Bi Zamda akasema.

"Dada Zamda, sisi tunaibiwa kisima, wewe unahesabu dhambi?"

"Sikiliza, Hokororo. Miaka kumi na tisa yule bwana anatutafutia uongo mmoja tu, hajaupata. Leo nimpe mwenyewe? Mimi nikiingia kwa kitasa cha kughushi, kesho na mimi nitaweka nondo."

"Kwa hiyo tukae tuangalie?"

"Tukae tuangalie. Ila tuangalie sana."

Mzee Kibwana akaomba radhi mara tatu. Bi Zamda akamteremshia ndoo, akamvutia maji, akamkabidhi mkononi. Lakini niliona vidole vyake vikikuna ukingo wa kisima, pale saruji ilipomomonyoka, kama mtu anayeaga.

Siku iliyofuata, Alhamisi, saa saba na dakika kumi mchana, watu wakiwa makazini, nilisikia nyundo kutoka upande wa namba moja. Mapigo kumi na manne. Kisha mlio wa chuma kinachokatika. Kisha kimya, kisha msumeno mdogo, kisha bisibisi. Nilipopita kwa mbele nikamkuta Bwana Ngowoko kibarazani kwake, jasho tele, na fundi asiye wa mtaa wetu anakunja mfuko wa vifaa.

"Natundika picha ya Kiongozi wa Nchi," aliniambia kabla sijamsalimu.

"Hongera, Mheshimiwa. Ni picha nzito."

"Kiongozi ni mzito."

Nikaandika: saa saba na kumi, mapigo kumi na manne, picha.

*

Ijumaa saa sita Bwana Mtimbwa akaja na mkoba, fomu, na jalada la kisima chini ya kwapa. Wizara yetu ni ndogo: anayetambua viongozi ndiye anayegawa visima. Bwana Ngowoko alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, na mfuko wa kifuani umetuna. Barua ya ridhaa alikuwa nayo mkononi, na safari hii ilikuwa na muhuri, duara la zambarau, bichi kabisa.

"Naipokea," Msajili akasema, "ila itaanza kufanya kazi saa tisa na nusu, ikiwa wakati huo utakuwa bado ndiye wewe."

"Nitakuwa ndiye mimi," akasema Ngowoko. "Tuanzie nyumba ya mwisho, thelathini na moja, turudi chini."

Alitaka ishirini na tatu ifikiwe mapema. Habari za mtaa huu hazina komeo.

Lakiri ikavunjwa. Tukaanza. Msajili anatoa ufunguo, anasoma kibati kwa sauti, anauingiza, anazungusha mara mbili, anafungua mlango, anausukuma, anachungulia ndani kuthibitisha kwamba ni nyumba, anafunga tena, anarudisha ufunguo mkobani, anaandika "Umefungua". Kila mlango dakika sita. Mimi nilikuwa na saa yangu, nikaona hesabu inatukaba: milango thelathini na mmoja, kwa dakika sita, ni saa tatu na dakika sita. Tungemaliza dakika ishirini na nne kabla ya muda, kama hakuna atakayekohoa.

Thelathini na moja, umefungua. Thelathini, umefungua. Watu walifuata nyuma kimya, kama msiba uliokosa maiti. Walioona mlango wao wa mbele ukifunguka baada ya siku tano walinyoosha mkono bila kujua, Msajili akawaambia, "Msiiguse kura."

Ishirini na tatu.

Mzee Kibwana alikuwa amesimama kando ya mlango wake, amevaa kofia ya Idi. Msajili aliutoa ule ufunguo mdogo, mweusi, wenye meno mawili. Aliuingiza kwenye tundu. Ukacheza mle kama kijiti kwenye mtungi. Akausukuma mlango kwa bega kidogo. Ukajifungukia wenyewe.

"Mlango umefunguka," Fundi Hokororo akaropoka. "Andika umefunguka!"

"Fomu haijauliza mlango. Imeuliza ufunguo." Akaandika, herufi kubwa: IMEHARIBIKA.

Mtu mmoja nyuma akaanza kulia, akazibwa mdomo na mwenzake.

Bwana Ngowoko akasafisha miwani. "Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma ya mtu aliyeshiba, "miaka yote nimewaambia, uongozi hauhitaji papara. Kumi na tano kwa kumi na tano. Sina kinyongo. Bi Zamda nitampa ujumbe kwenye kamati ya maua. Bwana Msajili, jua ni kali, tufunge fomu hapa."

Msajili alikuwa anafuta jasho. Aliitazama fomu, akatazama barabara. Nikaona anataka.

Bi Zamda akasogea mbele yake. "Mheshimiwa, umebakiza mistari ishirini na miwili."

"Mama, matokeo yanaonekana."

"Jumapili ulituambia kitu. Katibu, alisemaje?"

Nilifungua daftari. Nikasoma: "Fomu yenye mstari mtupu ni fomu mgonjwa, na mimi, tangu nilipoajiriwa, sijawahi kurudi ofisini na mgonjwa."

Sijawahi kuona mtu akiguswa hivyo na maneno. Bwana Mtimbwa alisimama wima, akakohoa, akasema, "Yamesemwa vizuri sana." Kisha: "Ishirini na mbili!"

"Akwilini!" Ngowoko akaita.

"Ishirini na mbili, Mheshimiwa."

Mabishano hayo yalitugharimu dakika saba. Ngowoko akaanza kutembea taratibu. Kwenye kumi na nane aliomba kufunga kamba ya kiatu. Kwenye kumi na mbili alitaka kibati kisomwe upya. Kwenye saba alikumbuka kuhutubia kuhusu usafi wa mazingira, na Bi Zamda akamwambia, "Bwana Festo, utahutubia ukiwa unatembea." Kila mlango: umefungua, umefungua. Saa nane na nusu. Saa tisa kasorobo. Saa tisa.

Saa tisa na dakika kumi na tisa tulifika namba moja.

*

Bwana Ngowoko alitangulia, akasimama mbele ya mlango wake, mgongo kwenye mbao.

"Hapa hapajaribiwi. Huu ni mlango wa Mwenyekiti."

"Mstari wa mwisho, Mheshimiwa," Msajili alisema. "Jiweke kando."

"Nalalamika!"

"Umelalamika tayari, kurasa nne. Ndiyo maana tupo hapa."

Akasogea, kidogo tu. Ndipo tukakiona: kitasa kipya, cha njano, kinang'aa kama jino la bandia, na mbao pembeni yake zimechanika. Msajili akatoa ufunguo wa mwisho, mrefu, wa Shirika la Makazi. Akauelekeza kwenye tundu. Haukuingia hata ncha.

Ngowoko akachomoa ufunguo mwingine mfukoni, mdogo, mpya. "Huu hapa! Huu unafungua! Jaribu huu!"

"Huu haukupiga kura."

"Lakini nyumba ni yangu, kila mtu anajua ni yangu! Nilivunja kitasa changu mwenyewe, ni dhambi?"

"Alisema ametundika picha," nikasema. "Alhamisi, saa saba na kumi. Nimeandika."

Msajili akaandika IMEHARIBIKA. Akajumlisha kwa midomo. "Kumi na tano kwa kumi na nne." Saa tisa na dakika ishirini na tatu. "Bi Zamda Mkwizu. Bado muhuri wa Umoja, fomu ikamilike. Mheshimiwa, muhuri."

"Sina."

"Muhuri ulikuwa kwenye barua yako."

"Umepotea. Nitautafuta. Jumatatu."

Saa tisa na ishirini na tano. Fundi Hokororo akamsogelea na ngumi, Bi Zamda akamshika ukosi. "Mkimgusa mtakuwa mmempa anachotafuta," alisema. Hakuwa anamtazama Ngowoko usoni. Alikuwa anamtazama kifuani, kwa lile jicho la wodini.

"Mheshimiwa Msajili," alisema polepole, "fomu inataka muhuri, au inataka alama ya muhuri?"

"Alama, mama. Muhuri wenyewe hauingii kwenye fomu."

"Basi itazame."

Tukatazama sote. Kwenye mfuko wa shati jeupe, kupitia kitambaa kilicholowa jasho la milango thelathini na mmoja, lilikuwa limejitokeza duara la zambarau, herufi zikiwa kinyumenyume: jina la Umoja wetu, nyota, na mwaka.

"Mheshimiwa Ngowoko," Msajili akasema kwa sauti ya ofisini, "simama wima."

Na kwa kuwa katika Nchi yetu mtu akiinuliwa fomu husimama, akasimama. Bwana Mtimbwa akaibandika fomu kifuani kwake, akakandamiza kwa kiganja, akahesabu tatu, akaibandua. Kifuani herufi zilikuwa kinyumenyume. Kwenye fomu zilinyooka, zikasomeka zote.

Bi Zamda akaandika pingamizi la kisima akiwa amechuchumaa, karatasi juu ya goti. Alitia sahihi saa tisa na dakika ishirini na nane. Jalada likafungwa.

*

Ningependa kuishia hapo, lakini nimeapa kuandika yote.

Funguo hatukurudishiwa. Bi Zamda alimkumbusha Msajili kwamba matokeo yamesajiliwa. Akajibu kwamba kanuni hiyo ilikuwa na kifungu kidogo nyuma: kura halali hutunzwa miaka saba, na mtu akibadilisha kitasa, kura yake inaharibika na Daftari linafunguliwa upya. Hivyo nyumba ishirini na tisa haziwezi kubadilisha kitasa, na funguo zake ziko kwenye kabati la chuma Wizarani. Ukija mtaani kwetu ukabisha hodi kwa mbele, utabisha mpaka mkono uvimbe. Zunguka. Tupo uani, kisimani, na Bi Zamda ana meza yake hapo. Tangu tuishi milango wazi haijaibiwa hata sahani, na mlango uliovunjwa mtaani ni ule mmoja, na aliyeuvunja ni mwenyewe.

Kura zilizoharibika, kwa kuwa si kura, zilirudishwa. Bwana Ngowoko alipewa ufunguo mrefu usiofungua chochote. Mzee Kibwana alipewa wa kwake. Aliushika muda mrefu, akaingia ndani, na baada ya kitambo tukaona kanga zimeanikwa kwenye kamba ya uani kwake, kumi na mbili, zinapigwa upepo.

Mwezi uliopita nilikwenda Wizarani kuomba tuzione tu funguo zetu. Bwana Mtimbwa alinipokea vizuri, akanipa kiti. Alisema utaratibu wetu umesifiwa mno na wakubwa, wameanza kuutumia. Nikamwomba afungue kabati.

Akatazama dari.

"Ndugu Katibu," alisema, "juzi watumishi tulikuwa na uchaguzi wa chama chetu hapa ofisini. Mimi nilipiga kura na ufunguo wa kabati."

"Na matokeo?"

"Yanasubiri kusajiliwa."

Nikatoa daftari la kumi na tano, nikaandika saa.